PRP ya nywele: laki tatu kwa kikao, na unachonunua hasa ni nini

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikitaja jambo hili: shilingi laki tatu kwa kikao kimoja, kwenye kliniki ya ngozi upande wa Kinondoni, Dar es Salaam. Wanapendekeza vikao vitatu vinavyopishana mwezi mmoja mmoja, halafu kimoja cha kukumbushia baadaye. Ukilipia vitatu kwa mpigo wanakupunguzia kidogo.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kutoa watu damu na kuisoma. Nilikwenda pale kama mteja ambaye nywele zake za mbele na za juu ya masikio zimekuwa nyepesi kwa miaka ya kusuka rasta za kuvutwa, lakini pia kama mtu anayejua tyubu ya damu inavyotakiwa kushikwa. Jina la kliniki silitaji. Kuna jambo la mapokezi lililoniumiza, na nimeliona na kulisikia sehemu nyingine pia, kwa hiyo nataka tulizungumze kama tabia ya biashara hii nzima.

Kwa asiyejua, PRP ni plazima, yaani maji ya damu, yenye chembe sahani (zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) nyingi kuliko kawaida. Damu ni yako mwenyewe. Wanaitoa mkononi, wanaizungusha kwenye mashine, wanatenga chembe nyekundu, wanakusanya maji ya njano yaliyojaa chembe sahani, kisha wanakudunga kidogo kidogo kwenye ngozi ya kichwa. Cha kuongezwa humo ni dawa ya kuzuia damu isigande tu. Kipeperushi chao kinasema "inaamsha seli za nywele" na kinaishia hapo. Laki tatu ni hela nyingi kwa sentensi moja, kwa hiyo mimi nitaeleza zaidi.

Kwanza huduma yenyewe, na hapa nawasifu bila kusita. Muuguzi aliyenipokea aliniuliza, "Dada, umekula?" Nikamwambia nimekunywa chai na chapati. "Wiki hii umemeza diclofenac, brufen au aspirini?" Sikuwa nimemeza. Nilifurahi sana kusikia swali hilo. Dawa hizo za maumivu huzuia chembe sahani zisifanye kazi yake, na mtu anayekwenda kulipia chembe sahani akiwa amezilaza kwa vidonge anapoteza hela zake. Ukienda mahali wakakufunga mpira mkononi bila kukuuliza hilo, waulize wewe.

Akafungua sindano ya kipepeo mbele yangu, akavaa glovu mpya, akatoa damu kama mililita ishirini kwenye tyubu zenye sitreti. Sitreti hukamata kalsiamu, na damu isiyo na kalsiamu haigandi. Akazipindua taratibu, chini juu, chini juu, bila kuzitikisa. Kisha akaandika jina langu na saa kwenye kila tyubu kabla hajainuka kwenye kiti. Wenzangu wa maabara wanajua thamani ya sekunde hizo. Tyubu isiyo na jina haina mwenyewe, na hii inakwenda kurudishwa ndani ya mwili wa mtu.

Mashine iko kwenye chumba hicho hicho, chenye kiyoyozi, na mteja anaiona. Mzunguko wa kwanza ni wa polepole. Ukiitoa tyubu hapo unaona tabaka wazi kabisa: chini chembe nyekundu nzito, katikati utando mwembamba mweupe usiozidi unene wa kucha, juu plazima ya njano yenye ukungu kidogo. Ukungu huo ndio mali. Ni chembe sahani, ndogo na nyepesi, ambazo hazijapata nguvu ya kuzama. Muuguzi akavuta sehemu ya njano pamoja na ule utando mweupe, akahamishia kwenye tyubu nyingine, akazungusha tena kwa kasi kubwa zaidi. Safari hii chembe sahani zilishuka chini zikakaa kama kitone. Maji ya juu yaliyobaki bila chembe akayatoa, kitone akakikoroga polepole kwenye maji machache yaliyobaki. Mwisho wa yote zilipatikana mililita chache tu, rangi ya asali nyepesi yenye wekundu kwa mbali.

Sasa lawama yangu ya kwanza. Hawakuhesabu. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina chembe sahani 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita moja, na PRP nzuri inatarajiwa kuwa na mara tatu hadi tano ya kiasi chako cha kawaida. Wengi hutaja milioni moja kwa mikrolita kama lengo. Mashine ya FBP, yaani ya kipimo cha picha kamili ya damu, iliyopo karibu kila hospitali inazihesabu ndani ya dakika chache. Tone moja la damu yangu kabla, tone moja la kile walichotengeneza baada, na tungejua nimedungwa nini. Nilipomuuliza daktari alijibu kwa ustaarabu kwamba wanaamini mashine yao. Mimi naamini namba. Dawa yoyote ina dozi, na hii hakuna anayejua dozi yake, wala hakuna anayejua kama dozi ya mwezi huu inafanana na ya mwezi uliopita.

Nije kwenye kilichomo ndani ya chembe sahani, maana ndicho unacholipia. Chembe sahani ni kipande kilichomeguka kutoka kwenye seli kubwa ya uboho. Haina kiini, huishi siku 8 hadi 10, na ndani yake imebeba vifuko vidogo vidogo vilivyojaa protini. Kazi yake ya asili ni jeraha. Mshipa ukipasuka, chembe sahani zinagusa kolajeni iliyokuwa imefichwa nyuma ya ukuta wa mshipa, zinaamka, zinashikana, na zinamwaga vifuko vyake. Katika vilivyomwagwa mna vichocheo vya ukuaji: PDGF, VEGF, EGF, TGF-beta na vingine. Hizo ni protini ndogo ambazo hazimlishi mtu wala hazijengi unywele. Zinapeleka amri kwa seli nyingine. Baadhi zinaiambia seli igawanyike.

Namna jambo hili lilivyogunduliwa linanigusa kwa sababu limetoka kwenye kitu tunachokifanya kila siku maabara bila kukifikiria. Ukiacha damu igande kisha ukatenga maji yake, unapata seramu. Ukiizuia isigande, unapata plazima. Kwa macho zinafanana. Watafiti waliokuwa wanakuza seli kwenye vyombo vya maabara walizoea kuziwekea seramu, na seli zilizaana vizuri. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake, Seattle huko Marekani, walichukua seli za misuli laini za mishipa ya nyani wakaziweka kwenye seramu itokanayo na plazima iliyoondolewa chembe sahani. Seli zilikaa hai lakini hazikuzaana. Wakaongeza dondoo la chembe sahani, zikaanza kugawanyika. Kumbe nguvu ya seramu miaka yote ile ilitoka kwenye chembe sahani zilizomwaga mizigo yake wakati damu inaganda. Protini iliyohusika ikapewa jina PDGF, na herufi hizo zinasema wazi kwamba ni kichocheo cha ukuaji kitokanacho na chembe sahani. Kila kliniki ya PRP inasimama juu ya jaribio hilo, hata kama ukutani kumebandikwa picha ya mrembo tu.

Kabla ya Ross, mtafiti Stanley Cohen alikuwa amewadunga panya wachanga dondoo la tezi za mate za panya wakubwa, wakafungua macho siku ya 6 au ya 7 badala ya 12 hadi 14, na meno yakawatoka mapema. Ndani ya dondoo hilo mlikuwa na EGF, protini ya asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 53 tu. Mwaka 1986 Cohen alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini, aliyegundua kichocheo cha ukuaji cha neva.

Turudi kwenye seli. PDGF haiingii ndani. Inafika kwenye ngozi ya seli na kukuta vipokezi, protini ndefu zilizopenya utando wa seli, kichwa nje na mkia ndani. PDGF ina pande mbili, kwa hiyo inavikamata vipokezi viwili na kuvileta pamoja. Mikia yake ya ndani ikikaribiana, kila mmoja unamwekea mwenzake fosfeti kwenye tairosini, mojawapo ya asidi amino zake. Alama hizo za fosfeti zinavuta protini nyingine zije zishike hapo, na mojawapo ya matokeo ni kuwashwa kwa protini iitwayo Ras. Ras inaiwasha Raf, Raf inaiwasha MEK, MEK inaiwasha ERK, na ERK inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni zilizokuwa kimya, zikiwemo Fos na Myc. Hadi hapo seli bado haijagawanyika hata kidogo. Imepata tu sababu ya kutengeneza saiklini D, protini inayoisukuma seli kuelekea kugawanyika.

Saiklini D ikishakuwa ya kutosha inaungana na kinasi (vimeng'enya vya kubandika fosfeti) ziitwazo CDK4 na CDK6, na kwa pamoja wanaibandika fosfeti protini ya Rb. Kazi ya Rb ni kuzuia. Imeishikilia E2F, na E2F ndiyo inayofungua jeni za kunakili DNA. Rb ikijaa fosfeti inalegeza mkono, E2F inaachiwa, DNA inaanza kunakiliwa, na baada ya hapo seli itagawanyika.

Mwaka 1974 huo huo mtafiti Arthur Pardee alionesha kwamba kuna mahali fulani kabla ya DNA kuanza kunakiliwa ambapo uamuzi unakuwa umekamilika. Ni kama pantoni la Kigamboni: likiwa bado limeegeshwa Magogoni unaweza kushuka, likishaondoka utafika ng'ambo upende usipende. Kichocheo cha ukuaji kikiondolewa kabla ya mahali hapo, seli inarudi kulala. Kikiondolewa baada ya hapo, seli inamaliza mgawanyiko bila kukihitaji tena.

Nimekaa hapa kwa makusudi, maana swali langu kubwa kwa PRP liko hapa. Seli iliyolala inahitaji ishara kwa saa kadhaa mfululizo ndipo ivuke. Chembe sahani zikiamka zinamwaga sehemu kubwa ya mizigo yake ndani ya saa ya kwanza. Je, mmwagiko mmoja unatosha? Daktari alinipa jibu ninaloliheshimu: plazima ikishadungwa inaganda ndani ya ngozi, nyuzi za fibrini zinajengeka, na nyuzi hizo zinashikilia vichocheo na kuviachia polepole kwa siku kadhaa. Ni kweli fibrini hufanya hivyo. Ndiyo maana pia haifai kuikoroga PRP kwa nguvu wala kuiacha mezani wakati watu wanakunywa chai, kwani chembe zikiamkia ndani ya tyubu mzigo unamwagika kabla haujafika kichwani. Pale walinidunga mara tu baada ya kuitengeneza. Alama nzuri tena.

Kudungwa kunauma, nisiwadanganye. Walipaka krimu ya ganzi na kusubiri, lakini mstari wa paji la uso uliuma hadi machozi. Juu ya masikio ni afadhali. Kichwa kilikaza siku ile na kesho yake paji la uso likawa zito, halafu ikaisha. Usipange harusi ya jioni.

Sasa mapokezi. Nikiwa nasubiri, alikaa karibu yangu mama mmoja wa makamo, amevaa kilemba cha kitenge. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, na wewe umekuja kwa nywele?" Tukazungumza, na mwisho akafungua kilemba kidogo anioneshe. Kuanzia paji la uso hadi nyuma ya sikio, ngozi yake ilikuwa laini inayong'aa, haina hata kitundu kimoja cha unywele. Alisema amesuka tangu utotoni na baadaye akawa anavaa wigi za gundi. Dada wa mapokezi alikuwa ameshamwandikia risiti ya vikao vitatu, na daktari alikuwa hajamwona bado. Kwenye kompyuta yake alimwonesha picha za kabla na baada za mwanaume mwenye upara wa utosini, akamwambia, "Mama, na wewe utakuwa hivi."

Hilo ndilo lililoniumiza. Yule mwanaume wa kwenye picha ana upara wa kurithi. Vinyweleo vyake vipo, vimesinyaa tu, vinatoa nywele nyembamba kama manyoya. Utafiti wa PRP kwa upara wa namna hiyo upo na mwingi umeonesha idadi ya nywele ikiongezeka, ingawa tafiti nyingi ni ndogo na kila mmoja anatengeneza PRP kwa njia yake. Mama yule ana kovu. Nywele zikivutwa kwa miaka mingi, kinyweleo huwaka, huumia, na mwishowe mahali pake panajaa kovu. Unywele hutengenezwa na seli zilizo chini kabisa ya kinyweleo, mojawapo ya makundi ya seli zinazogawanyika haraka zaidi mwilini, na ndiyo maana dawa za saratani hupukutisha nywele. Seli hizo zikiwa hazipo, hakuna vipokezi vya kupokea ishara. Unaweza kumwaga PDGF na VEGF ndoo nzima pale, na seli zitakazoitikia ni zile za kovu lenyewe.

Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, kabla ya kulipa mwambie daktari akuangalie kwa ile lenzi ya kukuza, akuoneshe kama vinyweleo vipo." Akaniitikia. Alipotoka kwa daktari alinipita akanigusa bega, akasema daktari amemwambia ukweli kwamba sehemu kubwa haitarudi, labda kingo za nyuma tu, na wamemrudishia hela. Kwa hiyo daktari ni mwaminifu. Lakini kwa nini risiti itangulie macho ya daktari? Mtu anayetoka Mbagala na hela alizokusanya kwa mwezi mzima hapaswi kuokolewa na bahati ya nani amekaa kiti cha jirani. Kliniki yoyote inayofanya PRP iweke uchunguzi kwanza na malipo baadaye, na uchunguzi uwe na lenzi, tena wa dakika za kutosha.

Kitu kingine kwenye vipeperushi kinachohitaji kusahihishwa: kuorodhesha vichocheo vyote kana kwamba vyote vinasema "kua". Ndani ya vifuko vile vile mna TGF-beta, na hiyo kwa seli nyingi za ngozi ya juu huzuia mgawanyiko. Kwenye kinyweleo, TGF-beta ni mojawapo ya ishara zinazoupeleka unywele kwenye hatua ya kumaliza kukua. Kila unywele una zamu: hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika miezi kama 3, kisha hudondoka na mwingine huanza. Ishara za kuanza na za kuacha zote ni za kawaida, na chembe sahani zimebeba za aina zote mbili kwa sababu jeraha linahitaji kujazwa kisha linahitaji kuacha kujazwa. Kutokana na hilo, chembe nyingi zaidi si lazima ziwe bora zaidi. Nawasihi wanaotangaza "PRP mara kumi" walifikirie hilo.

Na mimi je? Nilipiga picha zangu dirishani, asubuhi, mwanga ule ule, nywele zimechanwa upande ule ule, tangu kabla ya kuanza. Pembeni mwa paji la uso, mahali palipokuwa bado na vinywele vifupi vyembamba, nywele zimekuwa nene zaidi na zimejaa; hata msusi wangu aliziona kabla sijamwambia. Juu ya sikio la kushoto kuna sehemu ndogo laini ambayo haijatoa kitu, na sitegemei itoe. Ila niseme hivi pia: tangu nianze nimeacha rasta, nabana nywele kwa kulegeza, nalala na kitambaa cha satini. Kinyweleo ambacho hakijafa kikiachwa kuvutwa hupona chenyewe mara nyingi. Siwezi kuwaambia kiasi gani ni PRP na kiasi gani ni kupumzika kwa nywele. Kama una hela ya kitu kimoja tu, acha kuvuta nywele kwanza, hilo ni bure, na uzipe muda. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi.

Usafi ni jambo la kufa na kupona hapa. Mwezi Aprili 2024 CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilitoa taarifa kuhusu saluni moja ya urembo isiyo na leseni huko Albuquerque, New Mexico, iliyokuwa inafanya PRP ya uso kwa sindano ndogo ndogo. Wateja waliambukizwa VVU. Wakaguzi walikuta tyubu za damu zisizo na majina juu ya kaunta ya jikoni, na nyingine ndani ya friji pamoja na chakula. Niliposoma habari ile mikono ilinitetemeka, kwa kuwa kinga ya hayo yote ni kalamu ya kuandikia jina na kopo la kutupia sindano. Kwa hiyo ukienda, kaa uione damu yako tangu mkononi hadi kichwani. Kama mashine iko chumba cha nyuma usichoruhusiwa kuingia, ondoka. Kama tyubu ina namba badala ya jina, uliza namba hiyo ni ya nani. Na daktari awe na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuulizia leseni si kumvunjia mtu heshima. Saluni ya nywele isikudunge hata kama dada wa saluni ni shoga yako.

Wenye historia ya saratani naomba mnisikilize zaidi. Njia hii hii niliyoieleza, kuanzia kipokezi hadi Rb, ndiyo inayoharibika kwenye saratani nyingi. Mwaka 1983 watafiti waligundua kwamba jeni ya virusi vinavyosababisha uvimbe kwa nyani, iitwayo sis, inatengeneza protini inayokaribia kufanana kabisa na sehemu ya PDGF. Yaani kirusi kiliiba ishara ya ukuaji na kuitoa bila kikomo. Karibu saratani moja kati ya tano za matiti ina vipokezi vya HER2 vingi kupita kiasi, na dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, inafanya kazi kwa kuvikamata vipokezi hivyo. Ipo pia jeli ya PDGF ya kupaka vidonda vya miguu vya wenye kisukari, iliyoidhinishwa huko mwaka 1997; mwaka 2008 iliwekewa onyo kali kuhusu vifo vya saratani kwa waliotumia tyubu 3 au zaidi, na onyo hilo la kwenye kisanduku liliondolewa mwaka 2018 baada ya ufuatiliaji mrefu zaidi. Sisemi PRP inaleta saratani, sijaona ushahidi wa hivyo. Nasema kwamba mtu aliyewahi kutibiwa saratani amuulize kwanza daktari wake wa saratani, na kwamba fomu ya kliniki iwe na swali hilo. Fomu niliyojaza mimi iliuliza kuhusu ujauzito, kisukari, mzio na dawa za kuzuia damu kuganda. Saratani haikuwemo. Nilimwandikia daktari ujumbe kuhusu hilo, akanijibu kwamba ataiongeza. Nitakapokwenda kwa kikao cha kukumbushia nitaomba fomu mpya niione.

Kwa huduma ya muuguzi na usafi ninawapa tano kwa tano. Daktari, nne, moja namkata kwa kutohesabu chembe. Mapokezi, mbili, na hizo ni kwa sababu walirudisha hela ya yule mama bila ubishi. Kama utakwenda, wahi asubuhi katikati ya wiki. Jumamosi foleni ni ndefu, mashine ya kuzungushia ni moja, na sitaki damu yako isubiri zamu kwenye meza.